Siku ya Hema Hakuna Kuziba

…kwa sababu mkono ukishuka lazima ugeuke kitu, na Lhaden hajui bado ugeuke nini, au anajua, ndiyo tabu yenyewe, anajua, basi na ukae hukohuko juu, ngumi imefungwa, bega linawaka moto, filimbi ingali katikati ya meno, na pale chini ya kikapu msichana wa jezi kumi na nne amelala ubavu ameshika kifundo cha mguu, Selden jina lake, wenzake wamelipigia kelele tangu mpira urushwe, Selden toa, Selden rudi, Selden nyuma yako, na sasa hakuna anayeliita, wamesimama tu mikono imening'inia, na nesi anakuja mbio na kisanduku chake, mbio gani hizo, mbio za mtu aliyeshiba wali wa wageni, haya mama njoo taratibu, mtoto hatakimbia… Lhaden anamwona Selden akiuma jezi ili asilie, anaona mstari mweupe wa uwanja unapita chini ya shavu lake, na anajua kwamba uwanja mzima haumtazami huyo mtoto, unautazama mkono wake yeye, refa, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, magoti yamekwisha, mechi ya tatu ya mpira wa kikapu leo, nani alimtuma kupuliza? Angeacha tu. Zimebaki sekunde za kuhesabia vidole, wasichana wa mashariki, kina Selden, wako nyuma kwa pointi moja, wangegongana, wangeanguka, kengele ya meza ingelia, kila mtu angekwenda kwao. Lakini pumzi ilitoka yenyewe, filimbi ililia yenyewe, ngumi ikapanda, na sasa akisema nambari tisa wa timu ya mjini kaziba njia, Selden anapewa mitupo miwili na kombe linaweza kupanda basi, siku mbili za kona na matapishi, mpaka kwao huko milimani ambako halijawahi kufika, na akisema Selden ndiye kamparamia nambari tisa, basi, kwisha habari, kombe linabaki papa hapa mjini Thimphu, kwenye kabati la kioo lililojaa makombe mengine ambayo hakuna hata anayeyafuta vumbi.

Na kuparamia ni rahisi, unashusha ngumi unaipiga kwenye kiganja, pa, hata mwili unaweza kuinama kidogo unapopiga, ukaonekana kama mtu anayeomba radhi, hakuna wa kuudhika. Kuziba ni mikono miwili kiunoni. Ndivyo ilivyochorwa kwenye kitabu cha alama, mtu amesimama wima, amejishika kiuno huku na huku, na mtu huyo wa kwenye picha hana uso, ndiyo maana anaweza, hana uso, hana mama, hana mwalimu, hajawahi kualikwa kwa mtu. Yeye anao. Na alama haifanywi ukiwa umeitazama milima, inafanywa mbele ya meza ya waandishi, uso kwa meza, na nyuma ya meza liko hema lenye nakshi za mawingu, na ndani ya hema wako wageni, na katikati ya wageni, kwenye kiti chenye zulia, amekaa Dasho Wangda na skafu nyekundu ya cheo hicho begani, mikono imelala mapajani kama ilivyokuwa ikilala zamani alipokuwa hajawa Dasho wa mtu yeyote, ni mwalimu tu, mwalimu wa adabu, anapita kati ya madawati na fimbo ya mwanzi, Lhaden, mikono hiyo! Alikuwa na miaka mingapi, tisa, kumi, amesimama mlangoni anahema baada ya kukimbia, kajishika kiuno bila habari, na fimbo ikagusa kiwiko, haikupiga, iligusa, na hilo lilikuwa baya zaidi, darasa zima likageuka. "Huyo anayejishika kiuno ni nani? Ni mtu anayedhani nyumba ni yake. Nyumba hii ni yako, Lhaden?" Hapana, mwalimu. "Basi mikono ikae mbele, chini, iombe ruhusa." Na mikono ikakaa mbele, chini, ikaomba ruhusa, miaka yote hii inaomba ruhusa, mpaka anapoongea na simu na mkubwa anajikuta ameziba mdomo kwa kiganja ili pumzi yake isimfikie, pumzi ya kwenye simu! Mumewe humcheka mpaka analia.

Bega. Jamani bega. Phuntsho anakuja, refa mwenzake, kijana mwenye miguu mirefu na mdomo usio na breki, anaukatiza uwanja akijifanya hana wasiwasi, na mashavu yamevimba tambuu, kakatazwa mara ngapi kutafuna mechini, "Dada, shusha mkono basi, unasimamisha ndege?" Anabana filimbi kwa meno. "Saa imesimama, wote wameona, shusha upumzike." Anatoa filimbi mdomoni kwa mkono wa kushoto, anasema, ukishuka bila neno meza watachanganyikiwa. "Neno si lipo? Kuparamia. Mtoto wa mashariki kampanda nambari tisa kama ngazi, hata mbwa wameona." Mbwa wamelala watatu chini ya ubao wa matokeo, wamejikunja, hawajaona kitu tangu asubuhi. "Wewe uliona?" anamuuliza. Phuntsho anatafuna, anautazama mkono ule, anatazama hema, anarudi. "Mimi nilikuwa mbali, dada, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Mimi nakwambia tu, watu wana njaa, Dasho anaumwa mgongo, upepo ndio huo unaanza." Na kweli upepo unaanza, upepo wa alasiri wa bonde hili, unakuja na vumbi la ujenzi na harufu ya pilipili zinazochemka na jibini nyumba za nyuma, na tumbo la Lhaden linanguruma mbele ya wageni, hata tumbo nalo lina adabu mbaya leo.

Aliona. Asijidanganye. Aliona miguu, kwa sababu refa hatazami nyuso wala mikono inayopepea, anatazama miguu na kifua, alifundishwa hivyo na anawafundisha wengine hivyo, na miguu ya nambari tisa ilikuwa inatembea, ilikuwa inateleza kuelekea kulia wakati Selden tayari yuko hewani, kiatu cha kijani, kiatu kipya, kinateleza kwa ndani, hakikuwahi, kilifika kama mgeni aliyechelewa anayejibana kwenye mkeka uliokwisha kujaa, na Selden alipotua alitua juu ya goti la huyo nambari tisa, na ndio hapo kifundo kikapinda. Wala haikuwa jambo la kufikiri. Kuziba, kuziba mchana kweupe, angekuwa anachezesha mechi ya mazoezi shuleni asubuhi ya Jumamosi mikono ingeshafika kiunoni kabla yule mtoto hajafika chini. Lakini nambari tisa ni Kezang, na Kezang ni mjukuu wa Dasho, basi si kujishika kiuno tu, ni kujishika kiuno mbele ya mzee, kumtazama machoni, na kumwambia mjukuu wako kakosa. Mzee huyu. Aliyekuja baba yake Lhaden alipokufa, akakaa siku zote za maombi sakafuni pamoja na madereva na askari, akamimina mwenyewe siagi kwenye taa, mama bado analisimulia hilo kwa majirani, Dasho mwenyewe, na magoti yale. Mzee aliyesimama kwenye kikao cha chama cha mchezo, wanaume wanacheka eti mwanamke apulize filimbi atanyonyesha saa ngapi, akasema mimi nilimfundisha huyu, mikono yake naijua, mpeni filimbi. Mikono yake naijua. Loo.

Baba angefanyaje? Baba alisimama miaka yote pale njia panda, chini ya kibanda kile chenye rangi, glavu nyeupe, akiongoza magari kwa mikono kama mtu anayesuka uzi hewani, na watu wa mji wakikataa taa za barabarani, wanasema taa haina moyo, tunamtaka askari, na jioni mama analoweka glavu kwenye beseni, kila jioni, maji yanatoka meusi. Baba aliwasimamisha wakubwa, alikuwa akilisimulia akiwa amelewa kidogo, gari la mkubwa linakuja, la mwenye bendera kabisa, na ambulensi inakuja upande wa pili, unafanyaje? Kushoto unasimamisha, kulia unapiga saluti! Mkono huu unasema simama, mkono huu unasema nisamehe! Na nyumba nzima inacheka. Haya baba, na wangu huu? Kuziba kunataka mikono yote miwili, hakuna unaobaki wa kuomba msamaha… alishajaribu, marefa wote wa mji huu walishajaribu, kuna kuziba kwao kwa siku za wageni, mikono inaishia usawa wa mfukoni, inapangusa suruali, inakimbia, mpaka waandishi wa meza wanainua shingo, refa amesema nini? Halafu taratibu, bila mtu kumwambia mtu, ikawa rahisi zaidi kuona kuparamia. Huoni kile ambacho mikono haitaki kukisema. Mazoea yana tabu. Yeye alidhani ni aibu yake tu, kijiaibu chake cha siri, kama soksi iliyotoboka, na Phuntsho ana chake, na wengine wana chao, kila mtu kafunika.

"Refa! Huo mkono umegandishwa na barafu?" Hiyo ni sauti ya jukwaani, upande wa mashabiki wa mjini, wanaume waliozoea viwanja vya mishale, ambako mshale wa mwenzio ukikosa shabaha unamwimbia na kumchezea mbele ya uso wake mpaka atamani kulia, kwa hiyo kutukana kwao ni kipaji. "Mpeni ngazi ashuke!" "Mwacheni, anamuuliza mumewe!" Vicheko. Na upande wa pili Mwalimu Choki, kocha wa wasichana wa mashariki, mwanamke mnene mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, haingii uwanjani, anajua sheria, vidole vya miguu viko kwenye mstari hasa, "Dada refa! Mimi sisemi kitu! Nasema tu macho unayo! Mungu wako unaye! Sisemi kitu!" Asante, dada, kwa kutosema kitu. Nesi amemvua Selden kiatu. Soksi ina tundu kwenye kidole gumba. Anapuliza dawa ya baridi, mtoto anaruka, "Tulia, tulia, mguu haujavunjika, ungekuwa umevunjika ungekuwa unaimba wimbo mwingine." Haujavunjika. Lhaden anashusha pumzi, haujavunjika, na ubaya ulioje, sehemu yake moja imechukia kidogo, ungevunjika angebebwa, wangeingiza mwingine, kungekuwa na vurugu, jambo lingejifia lenyewe… unawaza nini wewe mwanamke, unamwombea mtoto mguu uvunjike ili usijishike kiuno? Umefika huko? Umefika huko.

Wasichana wamesogea, wako hatua chache tu nyuma ya mgongo wake, wanahema, na mmoja analia kwa hasira, ni yule mdogo wa jezi tano, mwenzake Selden, lugha ya machozi haina nahau, ni maneno yaleyale tu, "Alikuwa anatembea! Miguu yake ilikuwa inatembea! Ulikuwa unatembea wewe!" Na sauti ya Kezang, iliyochoka, isiyo na ubaya wowote, sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, "Najua nilikuwa natembea." "Sasa?" "Sasa nini? Siku ya hema hakuna kuziba. Hamjui?" "Hema gani?" "Hema lile. Wakiwepo wakubwa marefa hawajishiki kiuno, wanaona aibu. Kocha anatuambia, siku ya hema telezesheni miguu tu, hampigiwi. Kwenu hamfundishwi?" Kisha yule mdogo, polepole, "Sisi kwetu hakuna hema."

Sisi kwetu hakuna hema. Lhaden hageuki. Anatazama mbele, ubao, wavu, mbwa, lakini masikio yamekuwa moto, shingo imekuwa moto. Wanajua. Watoto wanajua. Wanafundishwa! Kuna kocha amesimama ubaoni na chaki, amechora hema kama anavyochora mstari wa mitupo, hapa kikapu, hapa hema, telezeni, na watoto wameandika vichwani mwao, na wamefanya mazoezi, jioni kwa jioni, kutelezesha miguu juu ya aibu ya Lhaden. Alidhani anawapa wazee heshima. Alidhani ni kitu kidogo kinachotoka mfukoni mwake mwenyewe, hakimgharimu mtu. Kumbe kilikuwa kinatoka kwa hawa wanaokuja na basi la siku mbili, wanaoshuka miguu imevimba, ambao hawakujua kuna hema, wanaocheza kama kitabu kilivyoandikwa kwa sababu hawana kingine zaidi ya kitabu. Na hasira inampanda, anataka kumkasirikia Kezang na hawezi, mtoto kafundishwa, kocha naye kaona mlango uko wazi kapita, nani aliuacha wazi? Phuntsho? Dasho? Dasho hakuwahi kumwambia refa yeyote usijishike kiuno mbele yangu, hata siku moja. Dasho labda hata hajui. Anakaa pale na chai yake ya siagi akidhani wajukuu wa mji huu wamejaliwa miguu mizuri.

Anathubutu kutazama. Anageuza shingo kidogo, mkono ukiwa juu, na anamwona Kezang amekwenda mpaka mbele ya meza kabisa, mbele ya hema, kuchukua chupa ya maji, na amesimama pale, kifua kinapanda na kushuka, nywele zimelowa, na amejishika kiuno. Mikono miwili. Huku na huku. Viwiko nje. Mtoto anatafuta pumzi tu, kama mtoto yeyote aliyekimbia, mbele ya skafu nyekundu, mbele ya zulia, mbele ya wageni wote na vikombe vyao, na Lhaden anashika roho, anangoja fimbo, mwili mzima unangoja ile fimbo ya mwanzi iguse kile kiwiko, huyo anayejishika kiuno ni nani… na Dasho Wangda anamtazama mjukuu wake, uso wote unakunjuka, anachukua sahani ya wali wa zafarani iliyokuwa mbele yake na kumnyooshea, kula, kula, na Kezang anatikisa kichwa bila kuondoa mikono, "Babu, tunacheza!" na mzee anacheka, meno mekundu ya tambuu, na wageni wote wanacheka.

Anacheka. Nyumba ni yake huyo mtoto, ndiyo, labda ndiyo jibu, nyumba ni ya Kezang na si ya Lhaden na haitakuwa ya Lhaden hata akiinama mpaka paji liguse saruji. Asijidanganye tena upande huu pia, akijishika yeye, mzee hatacheka. Hatasema kitu. Ataweka kikombe chini, taratibu. Jioni kwenye chakula watu watamsalimu Lhaden wakitazama juu ya bega lake, na orodha ya marefa wa mwakani itatoka na jina lake halimo, hakuna atakayeeleza, na mama ataambiwa sokoni, na mama atalia, aliyemimina siagi kwenye taa za baba yako, mbele yake, ukajishika kiuno? Anayaona yote haya yakija, moja moja, kama magari kwenye njia panda, na anasubiri ile hofu, hofu ya zamani iliyomkaa kwenye viwiko, na haiji. Kinachokuja ni uchovu. Si ushujaa, asije mtu akasema ushujaa, hana, ni uchovu tu, amechoka kuinama huku anapuliza, amechoka kuona kisha kutoona, ile kazi ya kutoona ndiyo imemmaliza magoti, si kukimbia, kukimbia kuna nini, watu wanakimbia mpaka uzeeni. Na anampenda mzee yule. Hilo nalo lipo, halijaondoka, anampenda, na inamuuma, na vyote viwili vimekaa kifuani pamoja bila kupishana.

"Dada." Phuntsho amerudi, ametema tambuu yake mahali, sasa ana uso wa kazi. "Mtoto anakaa, tazama, anataka kusimama. Ni kuparamia, siyo? Niwapange upande ule?" Lhaden anasema, "Usiwapange." "Mbona?" "Ngoja." Phuntsho anamtazama. Anatazama ngumi, anatazama uso, anatazama hema, kisha anasogea pembeni, hatua mbili, kama mtu anavyokaa mbali na chungu kinachotaka kufurika. "Dada, usinifanyie hivyo," anasema kwa sauti ndogo. "Wewe hufanyiwi kitu," anamjibu. Selden amekaa kitako, uso una vumbi na chozi moja lililopita katikati yake, nesi anamfunga bandeji, "Bado kidogo, bado kidogo," na jukwaani wameanza kupiga makofi ya kuharakisha, pa, pa, pa, na Mwalimu Choki hasemi kitu kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Lhaden aliyetaka mechi hii iishe tangu saa nne asubuhi anajikuta hana haraka tena. Nesi afunge vizuri. Ngumi iko juu, bega limekufa ganzi, halimuumi, na kwa mkono wa kushoto, ule ulio huru, anaanza kuchomeka shati lake kwenye suruali, mbele, ubavuni, nyuma, anavuta mkanda, anahakikisha kiuno kimekaa sawa.